Barua ya Wazi: Nauli, Njumu na Fedha za Mikeka ya Kubashiri Zisizofika Uwanja wa Watoto Tanga

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Baraza la Michezo la Taifa. Na Mkurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Tanga.

YAH: GHARAMA ZINAZOWATOA WATOTO MICHEZONI, NA FUNGU AMBALO TAYARI LIPO

Waheshimiwa,

Kwa heshima naomba mnisikilize. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, mzazi wa watoto wa shule, na mmoja wa wale wanaofundisha mpira wa watoto kwa kujitolea jua linapopoa. Hoja yangu ni moja. Fedha za michezo katika nchi hii zimeongezeka, na hilo tunaliona, lakini zinaingilia juu, kwenye viwanja vikubwa na timu kubwa, ilhali gharama inayomtoa mtoto mchezoni iko chini kabisa, kwenye nauli, kiatu na malipo ya mwamuzi, mahali ambapo hakuna fungu la bajeti linalofika.

Ni haki kuanza na yaliyofanyika. Uwanja mpya wa Arusha, wa watazamaji 30,000, umetokana na maandalizi ya AFCON 2027, ambayo tutaiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na kabla ya hapo tumekwisha kuonja uenyeji wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mwezi Agosti 2025. Mwaka 2021 ulitolewa msamaha wa VAT kwa nyasi bandia za viwanja vya mpira katika majiji, nasi Tanga ni jiji tangu 2005, kwa hiyo tumo. Mwaka huohuo ikaamuliwa kwamba asilimia 5 ya kodi inayotokana na kubashiri matokeo ya michezo ipelekwe kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Kuanzia Februari 2023 Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, na sote tunajua ari iliyopatikana. Simo miongoni mwa wanaobeza mambo hayo. Nilishangilia kama wengine.

Sasa nishuke nanyi hadi Jumamosi ya kawaida ya timu ya watoto wa chini ya miaka 15.

Tuseme mechi ipo Pongwe, kwenye barabara ya kwenda Muheza, na timu inatoka Ngamiani. Wachezaji ni kumi na wanne au kumi na tano, na kila mmoja anahitaji nauli ya kwenda na kurudi. Siku za wiki mtoto hulipa nauli ya mwanafunzi kwa sababu kavaa sare ya shule. Jumamosi kavaa jezi, na kwa konda jezi si sare, kwa hiyo mtoto yuleyule aliyelipa nauli ndogo Ijumaa anatakiwa kulipa ya mtu mzima, au ateremke. Nimeshuhudia watoto wakivaa shati la shule juu ya jezi, wakiwa na bukta na kandambili, ili konda akose la kusema. Wengine konda huwaonea huruma na wengine huwashusha. Timu ikifika pungufu, mechi huchezwa hivyohivyo.

Uwanjani yanatungoja mengine. Mwamuzi na wasaidizi wake wawili wana haki ya kulipwa, maana nao wamelipa nauli. Chokaa ya kuchora mistari hununuliwa, katika mji ambao mawe yake ya chokaa yanalisha viwanda. Kuna kiingilio cha timu katika ligi au bonanza, na kuna nakala ya cheti cha kuzaliwa ya kila mchezaji ili kuthibitisha umri, na wapo watoto ambao wazazi wao hawajawahi kukichukua cheti hicho. Mtoto akiumia, dawa hutoka mfukoni mwa atakayekuwa na kitu siku hiyo. Ukiyataja moja moja, hakuna hata moja linaloonekana kubwa mbele ya ofisa wa bajeti, na nadhani ndiyo sababu halijaandikwa popote. Lakini yote humwangukia mama anayeuza chapati na baba anayesukuma mkokoteni, na hurudi tena Jumamosi inayofuata.

Kuhusu viatu niruhusiwe kusema kwa kirefu kidogo. Njumu mpya za dukani haziko katika hesabu za familia ninazozizungumzia. Zinazotafutwa ni za mtumba, na za mtumba hazichagui mguu wa mtoto. Robota linapofunguliwa, zinazopatikana kwa bei ya chini ni namba kubwa, za watu wazima wa nchi za baridi, hivyo mtoto mwenye mguu wa namba 36 huvaa namba 40, akajaza kitambaa mbele, akafunga kamba kuzunguka wayo mara mbili ili kiatu kisimtoke anapopiga. Katika timu nyingi jozi moja ina wenyewe wawili: wa kwanza anacheza kipindi cha kwanza, wa pili anamsubiri mstarini, na wakati wa mapumziko hukaa chini wakivuliana. Kocha hapangi mabadiliko kwa kuangalia nani amechoka. Anaangalia nani ana zamu ya kiatu. Wapo wanaocheza peku, na kwenye mchanga wa mitaani peku si tabu, lakini katika mashindano yenye mwamuzi asiye na viatu hachezi, kwa sheria yenyewe ya mpira, na sheria hiyo ina sababu zake za usalama.

Hapa ndipo msamaha wa nyasi bandia unaponitatiza. Naelewa nia yake. Lakini msamaha wa kodi humfaidi mwenye uwezo wa kununua kitu kilichosamehewa, na anayenunua nyasi za uwanja mzima ni taasisi yenye fedha. Wenzetu wamejaribu njia hii wakaona mwisho wake. Kanada ilianza mwaka 2007 kuwapunguzia wazazi kodi ya mapato kwa ada za michezo walizowalipia watoto, ada za hadi dola 500 kwa mtoto kwa mwaka mwanzoni, na kufikia 2017 ikauondoa mpango huo. Moja ya lawama kuu ilikuwa kwamba aliyefaidika ni mzazi mwenye kipato ambaye mtoto wake angecheza hata bila punguzo, wakati asiye na kodi ya kulipa, kwa miaka ya mwanzo, hakupata senti. Ufaransa ilipita njia nyingine mwaka 2021, ikatoa euro 50 kwa mtoto wa familia inayopokea misaada ya kijamii, fedha inayokwenda moja kwa moja kupunguza ada ya klabu. Sisemi tuige euro 50, kwani sisi si Ufaransa na klabu zetu za mtaani hazina hata mhasibu. Nasema tu kwamba mama lishe wa Makorora halipi kodi ya mshahara, hivyo hakuna punguzo la kodi litakalomfikia. Atakachofikiwa nacho ni kitu chenyewe: nauli iliyolipwa, kiatu kilichonunuliwa, mwamuzi aliyelipwa na mtu mwingine.

Mtaniambia kwamba shule ndiyo mahali pake, na kwamba serikali ina UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Ni kweli, na wenye umri wangu tunaithamini michezo hiyo zaidi kwa sababu tunakumbuka iliposimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kijana akishafika kambi ya mkoa, na hasa akivuka kwenda taifa, mara nyingi hupata pa kulala, chakula na usafiri. Shida iko kabla ya hapo, pale timu ya shule inapokwenda kucheza na shule jirani na timu ya kata inapochaguliwa. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, michango ya lazima imekatazwa, na mimi ni mmoja wa wazazi waliofurahia katazo hilo. Ruzuku iliyowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na 25,000 kwa wa sekondari, na katika kiasi hicho zinatakiwa kutoka gharama za vitabu, chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mengineyo. Mpira mmoja unaostahimili mchanga wetu hula ruzuku ya mwaka ya watoto kadhaa. Goli moja la milioni 5 ni sawa na ruzuku ya mwaka mzima ya wanafunzi 500 wa shule ya msingi. Siwekei goli kinyongo. Natoa kipimo tu, ili tujue tunazungumzia kiasi gani tunaposema kwamba fedha za watoto ni ngumu kupatikana.

Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa michezo, ambaye haruhusiwi kuchangisha na hana fungu la kutosha, hubaki na sentensi moja ambayo haiandikwi kwenye tangazo lolote: anayetaka kwenda, aje na nauli. Basi mchujo wa kwanza umefanyika hapo, kabla ya kipenga, na aliyeufanya ni mfuko wa mzazi. Kisha tunakaa vibarazani tukilalamika kwamba Tanga, mkoa uliowatoa Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, waliochukua ubingwa wa Bara mwaka 1988, haina tena vipaji. Vipaji vipi, ikiwa waliofika mbele ya jicho la kocha wa mkoa ni wale tu waliokuwa na nauli?

Kuna gharama nyingine isiyo na risiti. Mtoto wa Deep Sea anayesaidia kuparua samaki alasiri hurudi nyumbani na hela ya mboga. Akienda mazoezini, hela hiyo haipo, na mama yake anajua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambulia mtoto haki ya kucheza na kupumzika, na inamweka mzazi kuwa mwenye wajibu wa kwanza wa kumpatia haki hiyo, lakini mzazi hawezi kuitoa haki ambayo bei yake ni kitoweo. Tena saa zetu ni chache. Shule ikiisha kuna chuo cha Kurani, na chuo kikiisha kuna saa moja au zaidi kidogo kabla ya magharibi. Ndiyo maana uwanja uliopo umbali wa kutembea una thamani kuliko uwanja mzuri ulio mbali.

Kwa wasichana hesabu huzidi. Mvulana akichelewa atarudi kwa miguu na wenzake. Binti wa netiboli aliyemaliza mchezo jua likizama, mzazi wake atataka apande bodaboda ya mtu anayemfahamu, au asiende kabisa. Mahitaji yake ya mwezi na mavazi yanayomsitiri uwanjani ni fedha pia. Nimeona mabinti wengi wakiacha wanapoingia kidato cha kwanza au cha pili, na watu husema wameona haya. Huenda wapo walioona haya, lakini niliozungumza na wazazi wao walinitajia bodaboda.

Waheshimiwa, ndipo narudi kwenye ile asilimia 5. Fedha hiyo haikutoka mbinguni. Pita Barabara ya Nane au stendi ya Kange jioni, utawakuta vijana wameinamia simu wakiweka mikeka, mia tano hapa, elfu moja pale, na wengi wao ni kaka wa watoto hawahawa wanaopokezana njumu. Sipendi kubashiri, na ningependa wapunguze. Hilo ni la barua nyingine. Lakini maadamu serikali imeamua kuchukua kodi humo, na maadamu sehemu ya kodi hiyo imetajwa kuwa ya maendeleo ya michezo, ni haki sehemu yake irudi mtaa ilikotoka. Kwa sasa Mfuko unapotajwa hadharani, mara nyingi hutajwa pamoja na timu za taifa. Timu za taifa ni zetu na zinahitaji fedha. Ila timu ya taifa ya mwaka 2035 iko darasa la nne leo, na wengine miongoni mwao wameteremshwa kwenye daladala.

Naomba, kwa hiyo, kanuni za Mfuko zitenge sehemu inayojulikana kwa watoto wa chini ya miaka 15 katika ngazi ya kata, na sehemu hiyo iwe na matumizi machache yaliyoandikwa wazi: usafiri wa timu, viatu, mipira na nyavu, na malipo ya waamuzi. Isitumike kwa semina. Isitumike kwa fulana za uzinduzi wala posho za vikao, maana tunajua fungu likishaitwa la uhamasishaji linakoishia. Viatu visigawiwe kwa sherehe vikawa mali ya mtoto mmoja anayekua na kuviacha baada ya miezi sita. Viwe mali ya shule au ya kata, vikiwa na namba ndogo na kubwa, viandikwe kwenye daftari kama vitabu vinavyoandikwa, mtoto avichukue kabla ya mechi na avirudishe. Jozi ishirini kwa shule zingefuta habari ya zamu ya kipindi cha kwanza na cha pili.

Kwa Halmashauri yetu ya Jiji naomba jambo lililo ndani ya uwezo wake bila kungoja Dodoma. Viwanja vya shule za serikali vifunguliwe kwa watoto wa mtaa baada ya saa za masomo na mwishoni mwa wiki, bila malipo kwa walio chini ya miaka 15, kwa utaratibu utakaomlinda mwalimu mkuu asilaumiwe kioo kikivunjika. Uwanja wa Mkwakwani ni mali ya Chama Cha Mapinduzi (CCM), siyo ya Jiji, nalitambua hilo, na sitarajii watoto wa Makorora kufanyia mazoezi pale kila siku. Lakini Jiji linaweza kuomba siku kadhaa kwa mwaka za fainali za kata, kwani mtoto akijua kwamba mwisho wa ligi yake ni Mkwakwani, hata mzazi ataitafuta nauli. Na naomba tusielekezwe kwenye mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Ni mipango mizuri kwa vijana wenye biashara, lakini timu ya watoto wa miaka 12 haizalishi kitu cha kurejesha mkopo, na mara mbili nimeshauriwa kwa nia njema kabisa nisajili kikundi nikakope ninunue mipira.

Kuhusu nauli ya Jumamosi, lipo lisilogharimu serikali chochote. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, kwa kushirikiana na shule, inaweza kutambua kitambulisho cha mwanafunzi au barua yenye muhuri wa mwalimu mkuu kuwa na nguvu sawa na sare, kwa safari za michezo zilizoratibiwa na shule au kata. Wenye daladala wana hoja yao, kwamba abiria wa nauli ndogo huwapunguzia mapato siku ambayo ndiyo wanayoitegemea, na hoja hiyo isidharauliwe. Ndiyo sababu nimesema safari zilizoratibiwa, zenye idadi na tarehe, badala ya kila mwenye jezi.

Vyama vya michezo vya mkoa na wilaya navyo viondoe kiingilio kwa mashindano ya watoto. Najua vyama havina fedha na kiingilio ndicho huendesha ofisi, lakini hilo ni la kuzungumza na Baraza, siyo na mtoto.

Mwisho naomba majibu kwa maswali mawili, nayo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote za Jiji, si kwenye mitandao pekee, kwa sababu wazazi ninaowasemea hawana bando la kuyatafuta huko. La kwanza: tangu Mfuko uanze kupokea sehemu yake ya kodi ya kubashiri, mkoa wa Tanga umepata kiasi gani, kwa mwaka gani na kwa shughuli ipi? La pili: katika bajeti ya Jiji ya mwaka ujao wa fedha, ni kifungu gani kitakacholipa usafiri na waamuzi wa ligi za watoto za kata, na ofisa gani tumfuate kikikwama? Ligi ya watoto ya kata yetu tunakusudia kuianza shule zitakapofungua muhula, na mpaka ninapoandika barua hii orodha ya waliokwisha kulipia nauli ya mechi ya kwanza ina majina sita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na kocha wa kujitolea,
Ngamiani, Tanga